Gia ya Tatu

Yudith aligundua kwamba macho ya mjomba wake yameharibika siku alipomkuta akilisalimia koti. Lilikuwa koti jeupe la bwana mganga, limefuliwa na kuanikwa kwenye ua wa zahanati. Mjomba Rubeni akalipita kwa mbali, akavua kofia, akasema, "Habari za asubuhi, bwana mganga," kisha akasimama kidogo kungoja jibu. Koti likanyamaza. Mzee akaguna, akaenda zake akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wakishasoma wanajaa kiburi.

Yudith alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, maana huyo aliyelisalimia koti ndiye dereva wa Landrova ya zahanati ya misheni pale Vudee, na juzi yake tu walikuwa wameteremka naye mlimani, nyuma wamembeba mama aliyeshikwa na uchungu.

Yudith alikuwa mkunga wa zahanati hiyo, msichana wa miaka ishirini na sita, mrefu, asiyeogopa damu wala kelele za watu. Alimfuata mjomba wake mpaka penye gari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeniamkia asubuhi, sasa unaniamkia tena. Unataka nini?"

"Nimekuona ukisalimiana na koti."

Rubeni alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Alifuta weee. Mwishowe akasema, "Karibu naona vizuri. Mbali ndiko kuna ukungu."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

"Na unaendeshaje?"

"Barabara haijahama," alisema Rubeni.

Na kweli haikuwa imehama. Watu wa Vudee waliichonga wenyewe kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Ilianzia zahanati ikashuka mpaka stesheni ya reli chini ya mlima, wagonjwa wanakopandia treni ya kwenda hospitali, kona arobaini na moja, ukuta upande mmoja na upande wa pili hewa tupu. Rubeni aliiendesha kwa miaka saba. Kila kona aliiita kwa jina la mwenye shamba, na hakuwa amewahi kumgonga hata kuku.

Sasa utasema, si angesema tu kwa wakubwa, dereva apumzishwe? Rahisi kusema. Yudith alikumbuka siku za machela, wanaume wanane wakipokezana mama mgonjwa kwa saa saba, na wengine walifika stesheni wakiwa wamebeba maiti. Gari likikosa dereva, machela yangerudi. Kwa hiyo alifunga mdomo, lakini tangu siku ile hakulala vizuri.

Majuma mawili baadaye barua ikaja kutoka makao ya misheni. Mzee Gideoni, katibu wa baraza la kanisa, aliisoma mbele ya watu baada ya ibada. Dereva Rubeni, ilisema barua, atastaafu mwisho wa Juni mwaka huu wa 1956. Landrova itabaki Vudee iwapo siku hiyo patakuwa na mtu mwenye leseni ya kuiendesha. Kama hayupo, itapelekwa kituo kingine huko tambarare.

Watu walitazamana. Vijana wote waliojua usukani walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, wakilipwa mara mbili ya kile ambacho zahanati ingeweza kutoa. Mzee Gideoni alikunja barua, akaikunjua tena kama vile ingeweza kubadilika.

"Nitajifunza mimi," Yudith alisema.

Kanisa zima likaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni akina mama, ambao ndio hasa waliokuwa wakibebwa na lile gari. Mzee Gideoni alingoja watulie. "Yuko mwingine?" akauliza. Hakuna aliyeinua mkono. "Basi ni huyo," akasema, akaanzisha wimbo wa kufungia.

Leseni ya kujifunza ilikuja kwa posta pamoja na vibao viwili vya mwanafunzi vyenye herufi nyekundu, kimoja mbele, kimoja nyuma. Tangu siku hiyo usukani ukawa wa Yudith, na mjomba akakaa kushoto, leseni yake halali mfukoni, kama sheria inavyotaka. Yudith alishusha pumzi. Kama ni kuanguka, angalau wangeanguka wakiwa na mtu anayeona.

Kwanza alijifunzia jikoni. Mjomba alimwambia akae juu ya kigoda mbele ya mafiga yakiwa yamepoa, la kushoto klachi, la kati breki, la kulia mafuta, na mwiko akaupachika ardhini uwe gia. Mama yake, Zipora, aliingia akamkuta mtu mzima anakanyaga mafiga huku anavuma kwa mdomo.

"Na ukishafika huko unakokwenda," Zipora alisema, "utanirudishia mwiko wangu? Nina njaa."

"Nikifika nitakupigia honi, mama."

"Niliomba Mungu anipe mkwe. Kanipa dereva."

Rubeni alifundisha kwa masikio. Huyu mzee hakumwambia hata siku moja tazama, alimwambia sikiliza. Injini ikinguruma chini chini anasema, "Imechoka, mpe gia ndogo." Ikilia kwa sauti nyembamba, "Unaionea, legeza mguu." Na kona zikaja moja moja, Yudith akazikariri kama amri kumi: kwa Ernesta unakumbatia ukuta, kwa Anaeli unapiga honi kabla ya mgomba, kwa Tumainieli huendi mpaka umejua nani anapanda, maana anayepanda na mzigo ndiye mwenye njia.

Honi nayo ilikuwa na visa vyake. Mara ya kwanza Yudith aliibonyeza kwa woga, akasahau kuiachia, ikalia bonde zima. Walipotokea upande wa pili wa kona walikuta watu ishirini na majembe begani wanauliza leo tunachimba wapi. Ikabidi Mzee Gideoni atangaze kanisani kwamba honi ya Yudith si baragumu, mtu asiache kazi yake.

Jambo moja tu mjomba alilikataza kabisa. Gia ya tatu. Zilikuwepo nne, zimeandikwa juu ya kirungu cha gia, lakini Rubeni alizitambua mbili. "Ya kwanza ni ya kupanda, ya pili ni ya kushuka. Hizo nyingine waliziweka kwa ajili ya watu wenye haraka, na watu wenye haraka wako chini ya genge kwa Tumainieli, hawajatolewa mpaka leo." Yudith hakuona sababu ya kubisha. Kwenye ile barabara hapakuwa na hatua mia zilizonyooka, na gari lilikwenda vizuri kabisa kwa gia mbili. Mwezi wa pili wa kujifunza alikuwa anashusha wagonjwa mpaka stesheni wakiwa wamesinzia.

Inspekta wa leseni alikuwa anafika Same mara moja kila baada ya miezi miwili. Siku iliyobaki kabla ya mwisho wa Juni ilikuwa moja, tarehe kumi na nne. Akishindwa siku hiyo, hapana ya pili, gari linakwenda.

Waliondoka Vudee kabla jua halijatoka. Mlima ulishuka wenyewe, Yudith hata hakuufikiria. Lakini walipopita stesheni na kuishika barabara kuu ya kwenda Same, kitu kikabadilika ndani ya gari. Barabara ilinyooka mbele yake, nyekundu, pana, mikonge huku na vichaka vya miiba huku, na haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Mjomba, aliyekuwa amekaa raha mustarehe mlima mzima, alisogea mbele akashika chuma cha dashibodi kwa mikono miwili.

"Pole pole, mama. Gia ya pili."

"Ndiyo mjomba, iko ya pili."

"Kile nini?"

"Kichuguu."

"Sawa. Pole pole."

Baiskeli iliwapita. Mwenye baiskeli aligeuka akawatazama kwa huruma. Rejeta ilichemka mara mbili wakaijaza maji ya dumu, na walifika Same jua limekwisha kuwa kali, injini inanuka mafuta yaliyoungua. Yudith alidhani hivyo ndivyo ilivyo, kwamba tambarare ni mahali ambapo magari hupata taabu.

Inspekta alikuwa Mwingereza mfupi mwenye kaptula iliyonyooshwa na masharubu ya rangi ya majani makavu. Kiswahili chake kilikuwa sahihi, kila neno limesimama peke yake. Alimtazama Yudith, akakitazama kibao, akatazama karatasi. "Wewe ndiye dereva?"

"Nataka kuwa, bwana."

Akaketi kushoto. Rubeni alipanda nyuma, kwenye benchi la wagonjwa.

Mjini mambo yalikwenda vizuri ajabu. Yudith alitoa ishara za mkono bila kukosea. Alirudi kinyumenyume kati ya mapipa mawili, na kwa mtu aliyezoea kugeuzia gari ukingoni mwa genge, kurudi kati ya mapipa ni mchezo. Kisha inspekta akamwambia asimame kwenye mwinuko, aondoke bila gari kurudi nyuma. Yudith alisimama akangoja.

"Endelea," inspekta akasema.

"Mpaka kwenye mwinuko, bwana?"

"Huu ndio mwinuko."

Yudith aliutazama ule mwinuko kwa adabu, akaondoka. Nyuma alimsikia mjomba akikohoa, na akajua anacheka. Moyo wake ulijaa. Alishaanza kuwaona akina mama wa Vudee, wale wale waliomcheka, wakipanda nyuma na vifurushi vyao.

"Sasa barabara ya Moshi," akasema inspekta. "Maili sita, halafu turudi."

Wakatoka mjini. Barabara ikanyooka tena. Yudith akaweka gia ya pili, akatulia.

"Ongeza mwendo."

Akaongeza. Injini ikapiga kelele.

"Badili gia."

"Nimeshabadili, bwana. Iko ya pili."

"Ya tatu."

"Ya tatu hatuitumii," Yudith alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumbani.

Inspekta aligeuka akamwangalia ili ajue kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akatazama mbele. Wakaenda hivyo, gari linalia, mvuke umeanza kupenya kwenye boneti, mpaka maili ya sita rejeta ikafoka na ikabidi wasimame kando. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na miiba, na milingoti ya simu inayokwenda mpaka macho yanachoka. Walimimina maji, wakangoja. Inspekta aliandika kitu kwenye karatasi yake kwa mwandiko mdogo.

"Unaendesha vizuri sana kwa miguu na mikono," alisema. "Lakini mtu asiyejua gia ya tatu, mimi siwezi kumpa barabara ya serikali. Umeshindwa."

Yudith aliona machela. Hakuona kingine chochote, machela na wale wanaume wanane wakishuka kwa Ernesta gizani. Alitamani kulia, na akakasirika kwa kutamani kulia mbele ya yule mtu mwenye masharubu.

"Mzee," inspekta akaita, "njoo uendeshe wewe. Nina watu wengine wananingoja mjini."

Rubeni alishuka nyuma pole pole, akazunguka gari akiligusa kwa mkono, akakaa mbele ya usukani. Yudith akapanda nyuma na kuinama karibu na bega lake. Inspekta alifunga mlango wake. Mzee aliwasha gari. Mikono yake ilishika usukani pale pale ilipokuwa ikishika kwa miaka yote, na chuma kilikuwa kimechakaa hapo.

"Yudith," alisema kwa sauti ya chini, "mbele kuna nini?"

Mbele kulikuwa na ng'ombe. Wafugaji walikuwa wanavusha kundi, wamejaa barabara nzima, labda robo maili, wakubwa na ndama na vumbi lao.

"Ng'ombe, mjomba."

"Wangapi?"

"Wengi."

Rubeni alizima gari. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani.

"Bwana Inspekta, siendeshi. Mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Mbali."

Inspekta alinyoosha kidole dirishani. "Milingoti ile ya simu ni mingapi, mpaka kwenye mti?"

"Kuna milingoti?" Rubeni aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Inspekta alinyoosha mkono, na Rubeni akaelewa. Alitoa leseni yake kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kanzu ya zamani, na ndani mihuri saba, mmoja kwa kila mwaka, bila kosa hata moja. Aliitoa kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa kitu. Yudith alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha.

"Na wewe ndiye uliyemfundisha huyu?"

"Ndiyo, mimi. Na gia ya tatu nilimkataza mimi. Kule juu ni kwa sababu ya kona. Lakini leo asubuhi, huku chini, nilimkataza kwa woga wangu. Gari likikimbia mahali nisipopajua, sijui niko wapi. Yeye alinitii tu. Hilo kosa uliloandika, bwana, si lake. Liandike kwangu, mimi nimeshamaliza."

Inspekta aliitazama leseni muda mrefu, akaupitia kila muhuri. Aliwatazama ng'ombe. Aliitazama saa. Inawezekana alikuwa na roho nzuri, na inawezekana aligundua tu kwamba ndani ya gari lile mwenye leseni amebaki yeye peke yake na kwamba hakupenda kuendesha gari linalochemka. Mimi siwezi kuapa. Alisema, "Mpaka mjini ni maili sita. Msichana arudi kwenye usukani. Mzee, kaa nyuma yake, umfundishe gia ya tatu. Akiharibu gia boksi mtasukuma wenyewe."

Yudith akakaa. Akageuza gari kuelekea Same, gia ya kwanza, gia ya pili, na injini ikaanza kupanda kwa ile sauti yake nyembamba.

"Usiangalie kirungu," mjomba akasema nyuma ya sikio lake. "Sikiliza. Bado. Mwache alie kwanza. Bado, mama. Sasa, klachi, ondoa mguu kwenye mafuta, sukuma mbele, mkono mwepesi."

Gia ikaingia. Na gari likanyamaza. Yudith alidhani limezimika. Alikuwa hajawahi kusikia Landrova ile ikiwa kimya. Lakini miti ilikuwa inapita, na upepo ukaingia dirishani ukamvua kitambaa cha kichwa.

"Halijazimika?" akauliza.

"Linapumua," Rubeni akasema. "Basi tena. Ya nne ni hivyo hivyo, nyuma sasa."

Kumbe tambarare si mahali pa taabu. Yudith aliona furaha ikimpanda kifuani, furaha mbaya, maana aliyemnunulia furaha hiyo alikuwa amekaa nyuma yake bila leseni. Alifurahi na akaona aibu kufurahi. Mbele punda wa mtu alijitokeza njiani, naye akashusha gia kwa kusikiliza, nne, tatu, pili, akampita kwa adabu, akapandisha tena. Wakaingia mjini mpaka ofisini kwa inspekta.

Pale ofisini alifuta alichokuwa ameandika, akaandika kingine, akagonga muhuri. Leseni ya mzee aliikata pembe kwa mkasi. Kisha akafanya jambo ambalo Yudith hakulitegemea: akamrudishia Rubeni leseni yake iliyokatwa, akasema, "Hii ni yako ya kuweka." Rubeni akaifunga tena kwenye kitambaa.

Walivua vibao vyenye herufi nyekundu, wakanunua maandazi, wakaondoka. Yudith alienda kwa gia ya nne mpaka stesheni, na baiskeli zote walizozikuta walizipita. Mzee, sasa amekaa kushoto kwake, alikula andazi lake bila kuuliza kile ni nini na hiki ni nini. Yudith alikuwa anapanga maneno. Walipoanza kuupanda mlima, akaona ayaseme tu.

"Mjomba, nisamehe. Ningekuuliza mapema habari za gia ya tatu, usingelazimika kusema mbele ya yule mtu. Wewe miaka saba hukugonga hata kuku. Nitawaambia Vudee umestaafu kabla ya siku, basi, mengine hayawahusu. Unanisikia?"

Hakupata jibu. Akadhani amekasirika. Alipopata mahali pa kunyooka kidogo, akageuza macho mara moja.

Rubeni alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi, makombo ya andazi kwenye shati. Mtu huyu hakuwahi kusinzia ndani ya gari maishani mwake. Hata akiwa abiria kwenye lori la mtu mwingine alikaa macho, akikanyaga breki isiyokuwepo mpaka wafike. Sasa alikuwa anakoroma.

Kona nyingine ilikuwa inakuja. Yudith akapunguza gia taratibu, mkono mwepesi, asije akamwamsha.